Malafu ng'ambo ya bahari: historia ya ponchi ya romu na watu waliotolewa Kongo

Kisiwani Martinique, mgeni akifika nyumbani kwa mtu kabla ya chakula cha mchana, mwenyeji hamletei kinywaji kilichokwisha kuchanganywa. Anaweka mezani chupa ya romu nyeupe, ndimu iliyokatwa, siro ya miwa, glasi na kijiko kidogo. Mgeni anajichanganyia mwenyewe, kwa kadiri anayoiweza. Kinywaji hicho kinaitwa ti-punch, maana yake ponchi ndogo.

Visiwa vingine vya Karibi vina namna zao. Barbados wanaongeza maji na kungumanga iliyosagwa. Jamaica, wakati wa Noeli, romu inatiwa katika maji ya maua mekundu ya mmea ule ule ambao Kinshasa wanapika majani yake kwa jina la ngai-ngai. Puerto Rico wanaichanganya na nanasi na nazi. Katika hoteli za dunia nzima vinywaji hivyo vinauzwa kama vinywaji vya mapumziko: jua, mchanga, bahari, na kipande cha tunda pembeni ya glasi.

Lakini hakuna kitu ndani ya glasi hiyo ambacho kilizaliwa visiwani. Miwa ililetwa. Ndimu ililetwa. Namna ya kuchanganya ililetwa. Na watu waliokata miwa, wakaikamua na kuipika, wao pia waliletwa, kwa minyororo. Sehemu kubwa yao walipakiwa melini kwenye pwani ya Kongo na Angola. Ndiyo sababu habari ya ponchi ya romu ni habari ya Congo pia, hata kama wengi nchini hawajawahi kuionja.

Miwa iliyotembea dunia

Muwa asili yake ni kisiwa cha New Guinea, mbali upande wa mashariki, ambako watu walianza kuupanda maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huko ulifika India. Wahindi ndio waliojifunza kuchemsha maji yake hadi yagande kuwa chembe za sukari. Waarabu waliupeleka hadi nchi za bahari ya Mediterania, na Wareno wakaupanda katika visiwa vya Atlantiki: kwanza Madeira, halafu São Tomé.

São Tomé iko karibu na pwani ya Afrika ya kati. Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Congo mwaka wa 1482 na kukuta ufalme wa Kongo, wenye mji mkuu Mbanza Kongo, magavana wa majimbo na soko. Haikupita miaka mingi, mashamba ya miwa ya São Tomé yakaanza kulimwa na watu walionunuliwa au kutekwa katika ufalme huo na nchi za jirani.

Mwaka wa 1526 mfalme wa Kongo, Nzinga Mbemba aliyebatizwa kwa jina la Afonso wa Kwanza, alimwandikia barua mfalme wa Ureno, João wa Tatu. Alilalamika kwamba wafanyabiashara wanachukua watu wake kila siku, hata wana wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe, na kwamba nchi inabaki bila watu. Aliomba apelekewe mapadri na walimu wachache tu. Bidhaa nyingine hakuzitaka, isipokuwa divai na unga wa misa.

Ombi hilo halikusikilizwa. Katika miaka 300 iliyofuata, vinywaji vingi sana vilishushwa kwenye pwani ile, lakini si kwa ajili ya misa.

Wakati huo miwa ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Christopher Columbus aliibeba katika safari yake ya pili, mwaka wa 1493, akaipanda katika kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika. Wareno wakaipeleka Brazil. Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka wa 1627, na kuanzia miaka ya 1640 wakageuza karibu kisiwa kizima kuwa shamba la miwa.

Kinywaji cha mabaki

Kazi ya sukari ilikuwa na mpango mkali. Muwa ukikatwa lazima ukamuliwe upesi, la sivyo maji yake yanaharibika. Kwa hiyo wakati wa mavuno kinu kilizunguka mchana na usiku. Mtumwa aliyekuwa akisukuma miwa kati ya magogo ya kinu, usingizi ukimshika, mkono wake uliweza kuvutwa ndani. Katika mashamba mengi shoka liliwekwa karibu na kinu kwa kazi moja tu: kuukata mkono huo kabla mwili mzima haujamezwa.

Maji ya miwa yalipitishwa kutoka sufuria moja kubwa hadi nyingine juu ya moto, hadi yakawa mazito. Halafu yalimwagwa katika vyungu vyenye tundu chini. Sukari iligandia juu, na uji mweusi mtamu ukatiririka chini. Uji huo unaitwa molasi. Mwanzoni wenye mashamba waliuona kuwa takataka: uliliwa na wanyama na watumwa, au ulimwagwa.

Lakini molasi ikichanganywa na maji katika nchi ya joto, haikai kimya. Baada ya siku chache inachacha na kutoa povu. Ukiipika ndani ya chungu kilichofunikwa, ukaupitisha mvuke wake katika bomba linalopozwa kwa maji, kinachodondoka upande wa pili ni pombe kali. Mtu yeyote wa Kivu au Katanga aliyewahi kuona lutuku ikipikwa anaijua kazi hiyo: moto, pipa, bomba, maji ya baridi, tone baada ya tone.

Mwingereza Richard Ligon, aliyeishi Barbados kati ya 1647 na 1650, aliandika habari za kinywaji hicho katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1657. Anasema kilikuwa kikali sana na ladha yake haikupendeza. Watu wa kisiwa walikipa jina lenye maana ya muua-shetani. Baadaye kidogo jina la romu likachukua nafasi.

Wenye mashamba waligundua kwamba takataka imekuwa mali. Sukari ilikwenda Ulaya, romu iliuzwa kwa mabaharia na kwa makoloni ya Amerika ya kaskazini. Sehemu ndogo ilirudishwa kwa watumwa wenyewe. Walipewa kipimo siku za mvua, siku za kuchimba mashimo ya kupandia miwa, na siku za sikukuu. Haikuwa zawadi. Ilikuwa njia ya kumfanya mtu aliyechoka aendelee kufanya kazi, na kumfanya mwenye hasira alale.

Vitu vitano, kutoka India

Ponchi yenyewe haikuanzia Karibi. Mwanzoni mwa karne ya 17 mabaharia Waingereza waliokwenda India walikosa bia, kwa sababu bia yao iliharibika njiani kwa joto. Wakajifunza kunywa araki, pombe kali ya huko, iliyochanganywa na maji ya ndimu, sukari, maji na viungo. Wengi wanasema jina ponchi linatokana na neno la Kihindi panch, yaani tano, kwa sababu ya vitu hivyo vitano. Neno hilo linaonekana katika barua ya Mwingereza wa India tangu mwaka wa 1632.

Meli zilipeleka desturi hiyo Ulaya, halafu Karibi. Huko araki iliondolewa na romu ikachukua mahali pake. Sukari ilikuwepo, ndimu zilizoletwa na Wahispania zilikuwa zimeota kila mahali, na kungumanga ilitoka Asia. Barbados wakaweka kipimo ambacho mpaka leo mtoto wa huko anakijua kabla hajaruhusiwa kukionja: kimoja cha ndimu, viwili vya utamu, vitatu vya romu, vinne vya maji. Hakihitaji mizani wala kitabu. Kikombe chochote kinafaa, mradi kiwe kile kile.

Hata jeshi la majini la Uingereza lilipitia njia hiyo. Mabaharia wake walikuwa wakipewa romu tupu kila siku na kulewa hovyo. Mwaka wa 1740 amiri Edward Vernon, akiwa katika bahari ya Karibi, aliamuru romu ichanganywe na maji kabla ya kugawiwa. Aliongeza kwamba baharia mwenye kuweza ajinunulie sukari na ndimu ili apate ladha. Desturi ya kugawa romu melini iliendelea zaidi ya miaka 200, ikafutwa tarehe 31 mwezi wa saba mwaka wa 1970.

Pombe iliyonunua watu

Upande huu wa bahari, watu wa Kongo hawakungojea Mzungu ili wajue pombe. Walikuwa na malafu, divai ya mchikichi, iliyotumika kwenye ndoa, kwenye matanga, kwenye kesi za wazee na kwa kuwamwagia mababu. Lakini malafu ina tabia moja: haidumu. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na baada ya siku chache ni siki. Haiwezi kubebwa kwa mwezi mzima wa safari. Lazima inywewe pale ilipotolewa, pamoja na watu wa hapo.

Pombe ya miwa ni kinyume chake. Ikiwekwa ndani ya pipa haiharibiki. Inaweza kuvuka bahari, ikapakiwa vichwani mwa wapagazi, ikapita Kwango na kufika mbali bara bila kupoteza nguvu. Kwa mfanyabiashara hiyo ilikuwa bidhaa nzuri kuliko zote: ndogo, nyepesi, inadumu, na mnunuzi akiimaliza anataka nyingine.

Wabrazil waliifahamu haraka. Pombe yao ya miwa, iliyoitwa gerebita, ndugu wa romu, ilipelekwa Luanda na kubadilishwa na watu. Wauzaji wa divai ya Ureno waliona wivu, na mwaka wa 1679 serikali ya Ureno ikaipiga marufuku isiingie Angola. Magendo yakazidi. Mwaka wa 1695 marufuku ikaondolewa, na mapipa yakaja kwa wingi kuliko mwanzo. Upande wa Afrika ya magharibi, meli za Rhode Island, katika makoloni ya Waingereza ya Amerika, zilifanya hivyo hivyo kwa romu iliyopikwa kwa molasi ya Karibi.

Duara likafungwa. Mtu alitolewa Kongo, akapelekwa kukata miwa. Miwa ikatoa molasi, molasi ikatoa pombe, na pombe ikarudi Afrika kumnunua ndugu yake.

Wanahistoria wanakadiria kwamba katika biashara yote ya utumwa ya Atlantiki, watu karibu milioni 12 na nusu walipakiwa melini kutoka Afrika. Karibu milioni 5.7 kati yao walitoka pwani ya Afrika ya kati, kutoka Loango hadi Benguela. Hakuna pwani nyingine iliyotoa watu wengi hivyo. Si wote waliokuwa Wakongo. Njia za biashara zilifika hadi Kasai na dola la Walunda la Mwant Yav. Wale wa Maniema na upande wa Tanganyika walichukuliwa baadaye kwa njia nyingine, kuelekea Zanzibar, na hiyo ni habari yake peke yake.

Neno lililobaki

Mtu akikimbizwa kwake bila mzigo, kuna vitu ambavyo hakuna anayeweza kumnyang'anya njiani: jina, wimbo, namna ya kupika, neno la kuitia kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliovushwa bahari.

Cuba, ambako utumwa ulifutwa mwaka wa 1886, kuna dini inayoitwa Palo, iliyoletwa na watu wa Kongo. Katika ibada zake, pombe ya miwa inayomwagiwa mababu inaitwa malafo. Ni neno lile lile la Kikongo. Michikichi ya kijijini haikuwepo tena, malafu yenyewe haikupatikana, lakini jina lake lilipewa kinywaji kipya, kile kile kilichokuwa kimewagharimu uhuru wao.

Jamaica, katika wilaya ya Saint Thomas, kuna desturi iitwayo Kumina. Iliimarishwa na watu wa Afrika ya kati waliofika baada ya utumwa kufutwa, kuanzia miaka ya 1840, kama vibarua wa mashamba. Katika nyimbo zao yamo maneno ya Kikongo, na romu nyeupe inamwagwa chini kabla ya mtu kunywa. Mzee wa Bas-Congo angeitambua ishara hiyo bila kufasiriwa.

Haiti ilifanya zaidi. Koloni hilo la Wafaransa, lililoitwa Saint-Domingue, lilikuwa na watumwa karibu nusu milioni. Wengi wao walizaliwa Afrika, na kundi kubwa kati ya hao lilitoka Kongo. Mwezi wa nane mwaka wa 1791 walisimama na kuchoma mashamba ya miwa. Mmoja wa viongozi wao, Macaya, alisema mwaka wa 1793 kwamba yeye ni mtu wa wafalme watatu, na wa kwanza aliyemtaja ni mfalme wa Kongo. Tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1804 nchi ikawa huru. Baadaye mashamba makubwa yakagawanyika, na wakulima wadogo wakaendelea kupanda miwa yao wenyewe na kupika pombe yao, clairin, katika mitambo midogo ya kijijini. Kazi ilikuwa ile ile, lakini mwenye chungu alikuwa mwingine.

Hata Martinique, nyumba ya ti-punch, ina mlango wa Congo. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka wa 1848, na waliokuwa watumwa wengi wakaacha mashamba. Kati ya 1857 na 1862 meli zilikwenda pwani ya Loango na mdomo wa mto Congo kuchukua maelfu ya watu wapya. Kwa karatasi walikuwa wafanyakazi wenye mkataba. Kwa kweli wengi walikuwa watumwa walionunuliwa, wakaambiwa sasa ni huru, halafu wakapakiwa melini bila kuulizwa. Walipelekwa kukata miwa Martinique na Guadeloupe. Wajukuu wao wapo hadi leo, na visiwani humo watu waliokuja hivyo waliitwa kwa jina moja tu: Congo.

Glasi yaingia hotelini

Jinsi ponchi ilivyokuwa kinywaji cha watalii ni habari ya juzi tu. Karibu na Santiago de Cuba kuna mahali paitwapo Daiquirí. Hapo, mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi Mmarekani wa migodi, Jennings Cox, anasemekana kuwa ndiye aliyewapa wageni wake romu, ndimu na sukari pamoja na barafu, akakipa kinywaji jina la mahali. Wenyeji walikuwa wakichanganya vitu hivyo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni barafu, na jina lililoandikwa.

Kati ya 1920 na 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe, na matajiri wake wakavuka hadi Havana kunywa. Marufuku ilipoisha, kijana mmoja aliyejiita Donn Beach alifungua baa Hollywood yenye mapambo ya visiwa, akachanganya romu za aina mbalimbali na maji ya matunda. Mwaka wa 1954, katika hoteli Caribe Hilton ya San Juan, Puerto Rico, mhudumu Ramón Marrero alitoa piña colada ya romu, nanasi na nazi. Wengine wanamshindania heshima hiyo. Mwaka wa 1978 Puerto Rico ilikitangaza kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa.

Kwenye menyu za hoteli hizo hakuna neno malafo. Kinu hakitajwi, wala shoka lililokaa karibu nacho.

Sheria ya pombe nchini Congo

Mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mapatano ya Brussels, yaliyozuia au kutoza ushuru pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Congo ikiwemo. Mwaka wa 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mapatano mengine yakakaza marufuku hiyo. Mataifa yale yale ambayo mapipa yao yalikuwa yamenunua watu kwa karne tatu sasa yalisema yanamlinda Mwafrika na ulevi. Chini ya Wabelgiji, kupika pombe kali kijijini kulikuwa kosa la kupelekwa gerezani, huku bia ya kiwanda ikiruhusiwa: Brasserie de Léopoldville iliundwa mwaka wa 1923.

Lutuku haikufa. Ilijificha. Ilipikwa usiku, kando ya mto, kwa mahindi au muhogo, na wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake. Ndivyo ilivyo hata sasa. Katika vijiji vya mashariki na mahali walipokimbilia watu wa vita, mama asiye na shamba tena anaweza kupika kasiksi ya ndizi au lutuku ili watoto wapate chakula. Anayemcheka mama huyo hajui historia. Lakini asiyesema hatari yake pia hamsaidii.

Hatari iko hivi. Lutuku haipimwi na mtu yeyote, na nguvu yake hubadilika kutoka pipa moja hadi lingine. Mbaya zaidi ni pale wauzaji wanapoongeza alkoholi ya viwandani ili ipatikane nyingi. Humo huwa na methanoli, ambayo kwa ladha wala kwa harufu mnywaji hawezi kuitenga na pombe ya kawaida. Kiasi kidogo kinapofusha macho. Kikizidi kidogo kinaua. Dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi: kichwa, kutapika, macho kuona ukungu, kupumua kwa shida. Mtu wa namna hiyo hafai kuachwa alale "pombe imtoke". Anapelekwa kituo cha afya saa ile ile.

Na hapa historia ya ponchi inatoa fundisho moja. Ndimu na sukari ziliwekwa ili kufunika ukali wa pombe mbaya. Zinaufunika kweli. Lakini haziondoi sumu. Pombe isiyojulikana ilikotoka haiwi salama kwa kuchanganywa na nanasi.

Kipimo cha nyumbani

Kwa anayetaka kuchanganya ponchi ya Barbados nyumbani, kwa romu yenye lebo na kifuniko kisichofunguliwa, kazi si ngumu. Sukari inayeyushwa kwanza katika maji ya moto, kiasi sawa kwa sawa, ikaachwa ipoe. Halafu kikombe kimoja cha maji ya ndimu, vikombe viwili vya sukari hiyo iliyoyeyushwa, vitatu vya romu, vinne vya maji baridi yaliyochemshwa. Inakorogwa, inakaa kwa saa moja, na kungumanga kidogo inasagwa juu wakati wa kumimina. Romu ikiwa ya nguvu ya 40 kwa mia, mchanganyiko huo unabaki na 12 kwa mia, karibu sawa na divai. Utamu wake unadanganya; glasi mbili zinatosha mtu mzima. Mama mjamzito na watoto hawahusiki.

Kwao, na kwa kila asiyekunywa pombe, kuna ponchi nyingine ambayo visiwani pia wanaijua, kwa sababu tangawisi nayo ililetwa huko kutoka Asia na kuota vizuri. Robo kilo ya tangawisi inaoshwa, inatwangwa, inachemshwa katika lita mbili za maji na kuchujwa. Inachukua mahali pa romu katika kipimo kile kile. Ikipatikana nanasi, maganda yake yaliyooshwa yanaweza kuchemshwa pamoja na tangawisi. Mahali ambapo kolera inazunguka, maji yote yachemshwe, na barafu isitiwe kama haijulikani ilitengenezwa kwa maji gani.

Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Waliokwenda Barbados hawakubeba kikombe, wala sufuria, wala mbegu. Kipimo kile walikipokea ugenini, katika nchi ambayo hawakuichagua, kwa matunda ambayo hawakuyajua, wakakifanya kuwa chao na kuwaachia watoto wao. Na Cuba, mtu ambaye babu wa babu yake alipakiwa melini Loango, kabla ya kunywa bado anamwaga tone la kwanza chini, akiliita malafo.